Mboga za majani na moyo wa mgonjwa wa figo: Aliye kwenye mashine ale nini?

ELDORET

KATIKA masoko ya Eldoret, mafungu ya sukuma wiki, managu, saga, terere na kunde hupangwa juu ya magunia kabla jua halijapanda. Kwa mnunuzi wa kawaida swali ni bei, na pengine kama mboga zimelala au ni za asubuhi hiyo.

Kwa mama ambaye mumewe husafishwa damu kwa mashine mara mbili kwa wiki, kila fungu ni fumbo. Ameambiwa mboga za majani huulinda moyo. Ameambiwa pia, na mara nyingine siku hiyo hiyo, kwamba mboga hizo zina potasiamu inayoweza kuusimamisha moyo wa mgonjwa wa figo usiku akiwa amelala. Akichoka kufikiri, hununua nyama robo kilo na unga, akaondoka.

Maneno yote mawili aliyoambiwa ni ya kweli. Makala haya yanajaribu kueleza jinsi yanavyoweza kukaa katika sufuria moja.

Eldoret, iliyotawazwa kuwa jiji Agosti 2024, ndiko waliko wagonjwa wengi wa figo kutoka magharibi mwa nchi na Bonde la Ufa. Hospitali ya Rufaa na Mafunzo ya Moi, iliyoanza mwaka 1917 kama zahanati kubwa ya vitanda 60, huwapokea watu kutoka Nandi, Elgeyo Marakwet, Turkana, Bungoma, Kakamega na hata ng'ambo ya mpaka. Tangu mwaka 2015, mpango wa serikali ya kitaifa wa kukodisha vifaa vya matibabu ulifikisha mashine za kusafisha damu katika hospitali nyingi za kaunti, na safari za wengine zikapungua.

Hata hivyo, mashine hufanya sehemu ndogo tu ya kazi ya figo. Figo nzima huchuja damu saa 168 kwa wiki, usiku na mchana. Mgonjwa anayeketi kwenye mashine mara mbili kwa wiki, saa nne kila mara, hupata saa nane. Katika nchi tajiri kawaida ni mara tatu. Hapa kwetu bima ya NHIF ililipia vikao viwili kwa wiki, na hata baada ya Mamlaka ya Afya ya Jamii kuchukua nafasi yake Oktoba 2024, wagonjwa wengi wangali katika ratiba ya mara mbili.

Ratiba hiyo ina uzito kuliko inavyodhaniwa. Mwaka 2011 watafiti wa Marekani walichapisha uchunguzi wa wagonjwa zaidi ya 32,000 waliokuwa wakisafishwa damu mara tatu kwa wiki. Waligundua kwamba vifo, vikiwemo vya moyo, viliongezeka siku inayofuata lile pengo refu la siku mbili bila mashine. Mgonjwa wa Eldoret anayesafishwa Jumatatu na Alhamisi ana pengo refu zaidi ya hilo kila mwisho wa wiki, na mwisho wa wiki ndipo penye harusi, mazishi na sherehe za kutoka jandoni.

Wengi hudhani mgonjwa wa figo hufa kwa figo. Ukweli ni kwamba, miongoni mwa walio kwenye mashine, ugonjwa wa moyo na mishipa ndio unaoongoza kwa kuua, na hatari hiyo ni kubwa mara nyingi kuliko ya watu wengine wa umri wao.

Sababu zimefungamana. Maji yasiyotoka kama mkojo hujaa katika damu na kuupa moyo mzigo, hata misuli yake ikanenepa na kukakamaa. Shinikizo la damu hupanda. Fosforasi inayobaki mwilini huvuruga kalsiamu, na chokaa ikajengeka katika kuta za ateri hadi zikawa ngumu kama mpira uliokauka juani. Juu ya hayo, mwili huwa katika hali ya uvimbe wa ndani usioisha, na kemikali kali zinazotokana na oksijeni huunguza kuta laini za mishipa ya damu.

Ni hapo ambapo mimea huingia.

Mmea hauwezi kumkimbia mdudu wala kujificha juani. Badala yake hutengeneza kemikali za kujikinga, maelfu kwa maelfu. Kundi moja ni flavonoidi, zilizomo katika chai, vitunguu, sukuma wiki na matunda. Kundi jingine ni karotenoidi, zinazoipa karoti, boga na nyanya rangi zake na ambazo hujificha pia chini ya ukijani wa managu na terere. Kabeji, sukuma wiki na saga zina viungo vya salfa vinavyoleta ule ukali na uchungu. Ile rangi ya zambarau katika aina ya chai ya TRFK 306, iliyotolewa mwaka 2011 na watafiti wa chai wa Kericho, ni anthosiyanini.

Zamani ilielezwa kwamba kemikali hizi huzima moto wa oksijeni moja kwa moja, kama maji juu ya makaa. Maelezo ya siku hizi ni tofauti kidogo. Nyingi humezwa kwa kiasi kidogo sana, na kazi yake inaonekana kuwa ni kuziamsha seli zenyewe zizalishe kinga yake. Flavonoidi za kakao na chai husaidia kuta za mishipa kutoa gesi ya naitriki oksaidi, ambayo huilegeza mishipa na kushusha shinikizo. Nitreti iliyomo katika biti na mboga za kijani hufika kwenye gesi hiyo kwa njia ya kushangaza: bakteria wa ulimini huigeuza kwanza, ndipo mate yaimeze.

Je, haya yamewahi kupimwa kwa watu walio kwenye mashine? Yamepimwa, ingawa kwa majaribio madogo.

Nchini Israeli, wagonjwa 101 waligawanywa katika makundi mawili. Kundi moja lilikunywa mililita 100 za maji ya komamanga mara tatu kwa wiki wakiwa kwenye mashine, kwa mwaka mzima. Jingine lilipewa kinywaji kisicho na komamanga. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2012 yalionyesha kwamba walionywa komamanga walipungukiwa na dalili za uvimbe na za kuunguzwa na oksijeni. Nchini Ujerumani, jaribio lililochapishwa mwaka 2016 liliwapa wagonjwa 57 kinywaji chenye flavonoidi za kakao au kisicho nazo kwa siku 30, na mishipa ya waliopata kakao ikatanuka vizuri zaidi.

Msomaji atambue mambo mawili kabla hajakimbilia duka. Kwanza, vilipimwa vipimo vya damu na mishipa, havikuhesabiwa vifo. Pili, yale maji ya komamanga yalinywewa mashine ikiwa inafanya kazi, na potasiamu yake ikaondolewa papo hapo. Kuyanywa nyumbani siku ya Jumapili ni jambo jingine kabisa.

Kuna funzo kali katika historia ya tiba hii. Dawa za statini, zinazopunguza lehemu na kuokoa maisha ya wagonjwa wengi wa moyo, zilitarajiwa kufanya hivyo pia kwa walio kwenye mashine. Jaribio la Ujerumani la wagonjwa 1,255 wenye kisukari lililotangazwa mwaka 2005, na jingine la wagonjwa 2,776 la mwaka 2009, yote yaliishusha lehemu vizuri bila kupunguza kwa kiasi cha kutegemewa matukio ya moyo yaliyokuwa yakihesabiwa. Ikiwa dawa iliyothibitishwa hivyo iligonga mwamba, anayeuza kopo la unga wa majani kando ya stendi ya matatu na kuahidi "kusafisha figo na moyo" anastahili kuulizwa maswali mengi.

Ushahidi mkubwa zaidi tulio nao unahusu chakula chenyewe, wala si kemikali moja iliyokamuliwa. Mwaka 2019 watafiti walichapisha taarifa za wagonjwa 8,078 wa mashine katika nchi za Ulaya na Amerika Kusini. Ni asilimia 4 tu waliokula angalau vipimo vinne vya matunda na mboga kwa siku. Waliokula zaidi ya vipimo 10 kwa wiki walikuwa na hatari ya kufa iliyo chini kwa takriban asilimia 20 kuliko waliokula vipimo vitano na nusu au pungufu. Kwa vifo vya moyo peke yake tofauti ilikuwa ndogo zaidi, ya mpakani.

Utafiti wa aina hii haithibitishi kwamba mboga ndizo zilizowaokoa. Huenda mwenye nguvu ndiye mwenye hamu ya kula. Lakini unatosha kuitikisa ile amri ya jumla kwamba mgonjwa wa mashine asiguse kitu cha kijani.

Amri hiyo ina kasoro nyingine, nayo iko tumboni.

Utumbo mpana una bakteria wanaokula mabaki ya chakula. Wakikosa nyuzinyuzi hugeukia protini, na kutokana nayo hutoa sumu ambazo figo nzima ingezitoa kwa mkojo. Sumu mbili kati ya hizo, zinazotokana na vijenzi vya protini viitwavyo triptofani na tairosini, hushikamana na albumini ya damu kiasi kwamba mashine huziondoa kidogo tu. Zinahusishwa na madhara kwa mishipa ya damu. Mwaka 2014 watafiti wa Marekani waliwapa wagonjwa wa mashine wanga wa mahindi ambao haumeng'enywi kwa urahisi, na baada ya majuma sita moja ya sumu hizo ikapungua katika damu. Wanga wa namna hiyo huongezeka kidogo chakula cha wanga kinapopoa. Wapenzi wa ugali wa kiporo wanaweza kutabasamu, ingawa kiporo hakikuwa dawa iliyopimwa.

Aidha, figo zinaposhindwa, utumbo huchukua sehemu ya kazi ya kutoa potasiamu kupitia choo. Mgonjwa aliyeacha mboga zote akabaki na ugali mweupe na nyama mara nyingi hufunga choo, na potasiamu hubaki mwilini. Tena nyama yenyewe si salama kama inavyodhaniwa: gramu 100 za nyama ya ng'ombe zina potasiamu ya zaidi ya miligramu 300, karibu sawa na ndizi mbivu.

Potasiamu basi ihesabiwe kwa makini, kwa sababu haitanii. Katika damu inatakiwa iwe kati ya milimoli 3.5 na 5 hivi kwa lita. Ikipita 6, umeme unaoongoza mapigo ya moyo unaweza kuvurugika na moyo kusimama, mara nyingine bila dalili yoyote ya kutangulia.

Kwa gramu 100, parachichi lina takriban miligramu 485, mchicha wa spinachi mbichi 558, viazi vibichi zaidi ya 400, ndizi mbivu 358 na biti 325. Kabeji ina kama 170, nanasi 109 na tufaha 107. Mtu anaweza kula kipande cha nanasi na kabeji kwa siku kadhaa na bado asifikie kile kilichomo katika sahani moja ya mukimo wa viazi na mboga au katika maji ya matunda yaliyosagwa kutoka matunda manne. Glasi ya maji ya matunda hukusanya potasiamu ya matunda mengi, huacha nyuzinyuzi kwenye chujio, na huongeza maji ambayo mgonjwa anatakiwa kuyapunguza.

Sasa twende jikoni, kwa maana hapo ndipo mambo huamuliwa.

Potasiamu huyeyuka majini. Mboga iliyokatwakatwa, ikachemshwa katika maji mengi na maji hayo yakamwagwa, hupoteza sehemu kubwa ya potasiamu yake. Watafiti wa viazi nchini Marekani walionyesha mwaka 2008 kwamba kuchemsha vipande vidogo hupunguza potasiamu kwa nusu hivi, na kiazi kilichokwanguliwa kwa robo tatu. Walionyesha jambo jingine ambalo mama wengi hawajaambiwa: kuloweka viazi usiku kucha bila kuvichemsha hakukupunguza potasiamu kwa kiasi cha maana. Kinachoitoa ni moto na maji mengi. Kukaanga, kuoka na kupika kwa mvuke huiacha humo.

Desturi ya kupika managu inasaidia bila kukusudia. Nyumba nyingi huzichemsha kwanza na kumwaga maji ili kuondoa uchungu, kisha huzikaanga kwa kitunguu. Sukuma wiki hukatwa nyembamba na kutiwa moja kwa moja kwenye mafuta. Kwa mgonjwa ni afadhali nayo ipite majini kwanza.

Lakini kila kitu kina gharama yake. Maji yanayomwagwa huondoka na vitamini C na sehemu ya flavonoidi, yaani baadhi ya zile kemikali tunazozitafuta kwa ajili ya moyo. Karotenoidi hazipendi maji, zinapenda mafuta, hivyo nyingi hubaki katika jani na tone la mafuta huzisaidia kumezwa. Nyuzinyuzi nazo hubaki. Kwa maoni ya mwandishi huyu, biashara hiyo inafaa: jani lililopoteza theluthi ya faida zake na bado likaliwa ni bora kuliko jani lililoachwa sokoni kwa hofu.

Kuna mitego mitatu katika upishi wa eneo hili. Wa kwanza ni maji ya majivu, yanayoitwa musherekha katika jamii ya Waluhya, yanayochujwa kutoka majivu ya maganda ya maharagwe au mabua ili kulainisha mrenda na kunde. Majivu ya mimea ni potasiamu kabonati hasa. Anayemwaga maji ya mboga na kisha akatia musherekha amerudisha dirishani kile alichokitoa mlangoni. Wa pili ni magadi, ambayo ni ya sodiamu. Hayo huleta kiu, na kiu huleta maji mwilini. Wa tatu ni ile chumvi inayouzwa katika maduka makubwa kama chumvi ya wenye shinikizo la damu. Mara nyingi sehemu ya sodiamu imeondolewa na mahali pake ikatiwa potasiamu kloridi. Kwa mwenye figo nzima yaweza kuwa na faida. Kwa mgonjwa wa mashine ni hatari, na ni vyema kusoma maandishi ya nyuma ya pakiti.

Maharagwe, ndengu na wimbi hupigwa marufuku kwa sababu ya fosforasi. Hapa pia elimu imebadilika. Fosforasi ya nafaka na kunde imefungwa ndani ya faiteti, na utumbo wa binadamu hauna kimeng'enya cha kutosha cha kuifungua, hivyo sehemu kubwa hupita. Mwaka 2011 wagonjwa tisa wa figo ambao hawajafika kwenye mashine walilishwa Marekani, wiki moja chakula cha mimea na wiki nyingine cha nyama, chenye fosforasi ileile. Fosforasi ya damu ilikuwa chini walipokula mimea. Ile inayotiwa viwandani katika soda nyeusi, soseji na nyama za makopo ndiyo humezwa karibu yote. Mgonjwa anayekataa nusu kikombe cha maharagwe yaliyochemshwa na kumwagwa maji, kisha akanywa soda nyeusi mazishini, amekwepa kidogo akakumbatia kikubwa.

Mursik inahitaji neno lake. Mkaa wa mti wa senetwet unaosuguliwa ndani ya kibuyu haubadilishi maziwa kuwa kitu kingine: potasiamu na fosforasi za maziwa zimo, na ni kinywaji chenye maji. Kikombe kidogo cha heshima kinaweza kuingizwa katika hesabu ya siku. Sotet nzima haiwezi.

Chai vilevile. Ina flavonoidi na potasiamu yake si nyingi, lakini vikombe vitano vya chai ya maziwa ni zaidi ya lita moja ya maji. Mgonjwa asiyepata mkojo huibeba lita hiyo kama kilo moja juu ya mizani anapofika hospitalini, na moyo ndio uliokuwa ukiisukuma siku zote hizo.

Yako mambo ambayo hayana hesabu wala kiasi. Tunda la nyota, yaani karambola, lina sumu ya neva ambayo watafiti wa Brazili waliitambua na kuipa jina la karamboksini mwaka 2013. Figo nzima huitoa. Kwa mgonjwa wa mashine tunda moja linaweza kuleta kwikwi isiyokoma, kuchanganyikiwa, degedege na kifo. Ndugu yake mbilimbi, unaotiwa katika achari za Pwani, una oksaleti nyingi sana, na maji yake yamewahi kuharibu figo za watu nchini India waliokuwa wakiyanywa kama dawa. Jamaa wa Mombasa akileta zawadi, mgonjwa asionje. Balungi nalo huingiliana na baadhi ya dawa za shinikizo na za lehemu. Na anayemeza wafarini ya kuzuia damu kuganda asiongeze wala kupunguza mboga za majani ghafla, kwa kuwa vitamini K iliyomo hubadilisha nguvu ya dawa hiyo.

Mwongozo wa wataalamu wa figo wa Marekani wa mwaka 2020 haukuweka kiwango kimoja cha potasiamu kwa kila mtu. Unataka ulaji urekebishwe kulingana na damu ya mgonjwa mwenyewe. Uchunguzi mwingine wa mwaka 2021, uliotokana na kundi lile la Ulaya na Amerika Kusini, haukupata uhusiano kati ya potasiamu ya chakulani na potasiamu kuzidi katika damu. Mwandishi asingependa msomaji wa Eldoret aikimbilie habari hiyo. Kwa anayesafishwa mara mbili kwa wiki, au aliyekosa kikao kwa sababu mashine imeharibika au nauli imekosekana, hali ni ngumu zaidi.

Kwa hivyo mama wa sokoni anahitaji kitu ambacho hakipo kwenye gunia la muuza mboga: tarakimu ya potasiamu ya mumewe, ile iliyopimwa kabla ya kikao cha mwisho, na ya mwezi uliotangulia. Iko katika faili, na ana haki ya kuiuliza kwa daktari au mtaalamu wa lishe. Ikiwa ni 4.6, mazungumzo kuhusu sahani ndogo ya managu yaliyochemshwa mara mbili, nusu kikombe cha maharagwe na kipande cha nanasi ni mepesi. Ikiwa ni 6.2, mboga zitasubiri, dawa na choo vitaangaliwa kwanza, na kikao cha Alhamisi hakitakoswa hata kama kuna mazishi.

Ikiwa hajaipata tarakimu hiyo bado na siku ni Ijumaa, achukue kabeji. Aikate nyembamba, aichemshe, na amwage maji.